Wimbo Uonwao: Juu ya Sanaa ya Picha katika Filamu za Nyimbo

Iko shutuma ya siku nyingi juu ya filamu fupi za nyimbo, zile ambazo watu wa leo huziita video, nayo si shutuma ya wajinga. Husemwa kuwa wimbo ni mali ya sikio, na kwamba msikilizaji aliyefumba macho hujipatia picha zake mwenyewe. Mmoja huona bahari. Wa pili humwona mpenzi aliyesafiri asirudi. Wa tatu haoni kitu, ila husikia moyo wake ukienda mbio. Filamu ijapo huwapokonya watu hawa watatu mali yao, ikawapa wote picha moja, tena ya mtu mwingine. Aliyekwisha kuiona hawezi tena kuusikia wimbo ule kwa uhuru aliokuwa nao kwanza. Kama shutuma hii ni ya kweli, filamu ya wimbo ni uharibifu uliovishwa nguo nzuri, na haistahili kutajwa pamoja na sanaa. Kama si ya kweli, yafaa ionyeshwe ni wapi inapokosea. Wala haitoshi kujibu kwa kutaja wingi wa watazamaji, kwani wingi wa wanunuzi haujapata kuwa ushahidi wa ubora wa bidhaa.

Jambo la kwanza la kukumbukwa ni kwamba utengano wa sikio na jicho katika muziki si wa asili. Katika Kiswahili neno ngoma ni chombo kipigwacho, ni mchezo uchezwao, na ni mkutano wa watu waliokuja kuucheza. Lugha yenyewe haikuona haja ya kuyatenga mambo hayo matatu. Hali kadhalika taarabu: mwimbaji huimba akitazamwa, msikilizaji huinuka kwenda kumtunza, na kanga aliyojifunga mtu huweza kuwa jibu la maneno ya wimbo. Sauti isiyo na mwili ililetwa na santuri. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, sauti yake ilipata miguu ya kufika mahali ambapo yeye mwenyewe hakupata kufika. Lakini ilikwenda peke yake, na ishara za mkono na mwendo wa mwili zikabaki nyuma. Basi yule msikilizaji aliyefumba macho, ambaye shutuma humfanya kuwa kipimo cha mambo yote, ni mtu wa karne moja na ushei. Kabla yake walikuwako watu waliosikia kwa macho na kuona kwa masikio, wala hawakujiona kuwa wamenyang'anywa kitu.

Sinema nayo ilijaribu mapema kuirudishia sauti mwili wake. Oskar Fischinger wa Ujerumani alifanya maumbo matupu yacheze kwa mapigo ya muziki tangu zamani za kati ya vita vikuu viwili. Len Lye, mzaliwa wa New Zealand, mwaka 1935 alipaka rangi juu ya utepe wa filamu wenyewe pasipo kutumia kamera, akatengeneza A Colour Box juu ya muziki wa dansi wa Cuba. Aliyeilipia kazi hiyo ilikuwa ni idara ya Posta ya Uingereza. Katika miaka ya 1960 mashine za Scopitone zilionyesha filamu za nyimbo katika mikahawa ya Ufaransa kwa mtu aliyetia sarafu. Mwaka 1975 kundi la Queen lilitoa Bohemian Rhapsody pamoja na filamu iliyoongozwa na Bruce Gowers, na filamu ile ikaenda katika televisheni kwa niaba ya waimbaji. Tarehe 1 Agosti, 1981, kituo cha MTV kilianza matangazo yake Marekani, na kilichokuwa majaribio ya wachache kikawa biashara ya wengi.

Biashara ilileta fedha, na fedha ilileta mazoea. Sehemu kubwa ya filamu hizi ni matangazo ya bidhaa: gari la thamani, mkufu wa dhahabu, wachezaji safu kwa safu, na picha zinazokatwa kila nukta kana kwamba mtengenezaji anaogopa mtazamaji asije akazitazama kweli. Kipimo chake ni rahisi. Iondolewe sauti ya wimbo wake, itiwe ya wimbo mwingine wenye mwendo kama ule. Ikiwa hapana kilichopotea, picha ile haikuwa ya wimbo ule. Ilikuwa pambo lililokodiwa, kama viti vya arusini, ambavyo kesho vitakaliwa katika arusi nyingine.

Filamu bora husimama katika kipimo hicho, na ukizichungua utaona kuwa nyingi zina jambo moja la pamoja: kila moja imejiwekea sheria na kuishika. Jambo hili halimshangazi mtu aliyelelewa na ushairi wa Kiswahili. Mtunzi wa utenzi hukubali mizani nane katika kila mstari, na kina kimoja kinachofunga beti zote toka wa kwanza hadi wa mwisho, hata zikiwa elfu. Kifungo hicho hakimnyimi usemi. Humlazimisha kuliacha neno la kwanza lililomjia na kulitafuta la pili, na aghalabu la pili ndilo lililokuwa likitakiwa. Mtengenezaji wa picha aliye huru kuonyesha chochote huonyesha kila kitu. Aliyejifunga hulazimika kufikiri.

Mfano ulio wazi kabisa ni Around the World, kazi ya mwaka 1997 ya kundi la Kifaransa la Daft Punk, ambayo filamu yake iliongozwa na Michel Gondry na michezo yake kupangwa na Blanca Li. Maneno ya wimbo huo ni matatu tu, nayo ndiyo jina lake. Hurudiwa zaidi ya mara 100. Kwa mwongozaji mvivu huo ungekuwa wimbo usio na la kuonyeshwa. Gondry hakuyatazama maneno, alitazama muundo. Alijenga jukwaa la mviringo mfano wa santuri, akaweka juu yake makundi matano ya wachezaji, wanne wanne. Roboti wanaozunguka ndio sauti inayoimba. Wanamichezo warefu wenye vichwa vidogo, wanaopanda na kushuka ngazi, ndio gitaa la besi lipandalo na kushuka. Wanawake waliovaa kama waogeleaji ni kinanda cha sauti nyembamba. Viunzi vya mifupa hucheza gitaa, na maiti waliozongwa vitambaa kwa desturi ya Misri ya kale hushika mapigo ya ngoma.

Sheria ni hii: chombo kikinyamaza, kundi lake husimama, kikirudi, nalo hurudi. Kwa mara ya kwanza mtu asiyejua muziki huona jinsi wimbo ulivyojengwa. Alikuwa akiusikia kama kelele moja nzuri. Sasa anaona kuwa ni nyumba yenye vyumba vitano, na kwamba sauti ya besi, ambayo sikio lake halikuitambua, ndiyo inayobeba paa. Atakapousikia tena amefumba macho atasikia zaidi ya alivyosikia jana. Hapa shutuma imekosea waziwazi, kwani picha haikuchukua kitu katika mali ya msikilizaji, bali imeiongeza. Faida nyingine ya filamu hii ni subira yake. Kamera huwaacha wachezaji wacheze, huwaonyesha miguu na kichwa kwa pamoja, jambo ambalo filamu nyingi za dansi zimelisahau kwa kupenda kukatakata.

Miaka mitano baadaye, mwaka 2002, Gondry aliirudia fikira hiyohiyo kwa njia iliyo ngumu zaidi katika Star Guitar ya Chemical Brothers wa Uingereza. Hapo hapana mchezaji hata mmoja. Mtazamaji ameketi dirishani mwa treni, na nchi inapita: nguzo, ghala, daraja, mnara wa maji, behewa lililosimama. Dakika ya kwanza huona safari ya kawaida. Halafu hufahamu, na ufahamu huo humjia kwa furaha ya mtoto aliyetegua kitendawili, kwamba kila nguzo imepita pamoja na pigo la ngoma, na kila jengo limekuja na sauti yake na kuondoka nayo. Picha zilitokana na safari baina ya Nîmes na Valence kusini mwa Ufaransa, zilizopigwa mara kwa mara katika saa mbalimbali za mchana ili mwanga ubadilike taratibu. Kabla ya hapo mwongozaji alipanga mapigo yote juu ya karatasi ya miraba, akajaribu mandhari yake kwa machungwa, uma, vitabu na bilauri vilivyopangwa safu.

Mtu aweza kusema kuwa huu ni werevu tu, na kwamba werevu ukishafahamika huisha utamu kama kitendawili kilichoteguliwa. Neno hili lina uzito. Zipo filamu za namna hiyo ambazo mtu huzitazama mara moja, akasifu kazi, asitamani kuzirudia. Star Guitar imeokoka kwa sababu sheria yake imefichwa ndani ya kitu ambacho kila msafiri amekijua. Ni nani aliyepata kusafiri kwa treni asihesabu nguzo kwa mdundo wa magurudumu? Filamu haikubuni ajabu. Imekamata tabia ya akili ya binadamu ya kutafuta mapigo katika vitu visivyo na mapigo, ikaionyesha ilivyo. Hata hivyo upungufu wake usifichwe: haina uso wa mtu, na wimbo wenye huzuni ya kweli haungefaa kutendewa hivyo.

Huzuni hutaka uso, na uso huo umo katika Nothing Compares 2 U. Wimbo ulitungwa na Prince na kutolewa mara ya kwanza mwaka 1985 na kundi la The Family, wala haukusikika sana. Mwaka 1990 uliimbwa na Sinéad O'Connor wa Ireland, na filamu yake ikaongozwa na John Maybury. Ziko picha za mwimbaji akitembea katika bustani ya Saint-Cloud karibu na Paris, nazo ni nzuri kwa kiasi chake. Lakini hakuna azikumbukaye. Kinachokumbukwa ni uso wake mtupu, kichwa kilichonyolewa, vazi jeusi mbele ya weusi, na macho yanayomtazama mtazamaji usoni bila kupepesa. Umaskini wa picha hiyo ndio utajiri wake. Hana nywele za kuchezea, hana mkono wa kujificha nyuma yake, hana mahali pa kutazama ila kwa yule anayemtazama.

Karibu na mwisho chozi linamdondoka, halafu jingine. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba maneno ya wimbo yaliyomtaja mama yalimkumbusha mama yake, aliyefariki mwaka 1985. Wimbo uliotungwa juu ya mpenzi aliyeondoka ukageuka, mbele ya kamera, kuwa wimbo wa mtoto aliyefiwa. Mwongozaji alifanya jambo moja kubwa: hakukata. Mwongozaji mwoga angegeuzia kamera pembeni kwa haya, na mwongozaji mwenye tamaa angeisogeza ili alikuze chozi lile. Maybury alikaa kimya kama mtu mwenye adabu akaavyo matangani. Mwaka huohuo MTV ilimpa O'Connor tuzo yake kuu ya filamu ya mwaka, naye akawa mwanamke wa kwanza kuipata. Alifariki tarehe 26 Julai, 2023, na watu wengi waliomlilia walimwona kwa uso ule.

Hapo shutuma huanza kupata nguvu tena. Kama uso wa mtu mmoja umekuwa uso wa wimbo, wale wasikilizaji watatu waliofumba macho wamekwenda wapi? Swali hili halijibiki vizuri mpaka itazamwe kazi inayolikuza kuliko zote, nayo ni Hurt ya Johnny Cash, iliyoongozwa na Mark Romanek. Wimbo huo ulitungwa na Trent Reznor, akautoa na kundi lake la Nine Inch Nails mwaka 1994. Ulikuwa wimbo wa kijana anayejitesa. Cash aliurekodi kwa albamu iliyotoka mwaka 2002, akiwa na umri wa miaka 70, mgonjwa, na sauti iliyochakaa kama kamba ya ndoo ya kisimani.

Romanek alimpiga picha nyumbani na katika jumba la makumbusho lililoitwa House of Cash, mjini Hendersonville, Tennessee, ambalo lilikuwa limefungwa na kuharibika. Mwongozaji mwingine angelipangusa vumbi. Yeye aliliacha, maana aliona kuwa jumba lile na mtu yule walikuwa wakisema neno moja. Sheria ya filamu hii ni wakati: picha za Cash kijana, mwenye nguvu, juu ya treni na mbele ya umati, zinawekwa bega kwa bega na mzee aliyeketi mezani penye karamu asiyoila. Anamimina mvinyo juu ya chakula, na mkono unatetemeka. Mkewe, June Carter Cash, amesimama juu ya ngazi akimtazama, na katika mtazamo wake mna mapenzi na hofu visivyoweza kutenganishwa. Mwishoni mzee anafunga kifuniko cha kinanda na kukipapasa kwa vidole. June alifariki tarehe 15 Mei, 2003. Mumewe alimfuata tarehe 12 Septemba mwaka huohuo. Mtazamaji wa leo huijua tarehe hiyo, na kile kifuniko humfungia kitu zaidi ya kinanda.

Reznor alipoiona filamu alikiri hadharani kwamba wimbo ule haukuwa wake tena. Tamko hilo ndilo hoja kubwa kuliko zote kwa upande wa washtaki. Picha imemnyang'anya mtunzi mwenyewe, sembuse msikilizaji! Hapana budi kukubali: filamu kubwa huchukua. Atakayesema kuwa anaweza kuusikia wimbo ule kwa sauti ya Cash asimwone mzee na meza yake, huyo ama hajaiona filamu, ama hasemi kweli. Kosa la washtaki si kusema kuwa picha huchukua. Kosa lao ni kutouliza inalipa nini. Hurt ilichukua uhuru wa kuwaza huzuni yoyote, ikalipa kwa huzuni moja iliyo kamili, yenye jina, umri na nyumba. Kila sanaa ya kuonyesha hufanya biashara hiyo. Msomaji wa hadithi ambaye baadaye huona tamthilia yake hupoteza uso aliomwazia shujaa, na hupata pumzi ya mtu aliye hai. Filamu mbaya ni mdeni: imechukua uhuru, na mkononi mwake hamna kitu cha kulipa.

Tena, si kila picha hufunga mawazo. Mfano wa kinyume umetoka Kenya. Mwezi Machi, 2010, kundi la Just a Band, lililoanzishwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, lilitoa filamu ya wimbo wao Ha-He. Filamu inaiga, kwa kicheko na kwa heshima pamoja, zile sinema za Marekani za miaka ya 1970 zenye mashujaa weusi wenye nywele kubwa na ngumi nyepesi. Shujaa wake, mwenye kitambaa kipajini, anaitwa Makmende. Jina hilo lenyewe ni somo la lugha. Lilitokana na kauli ya Kiingereza ya mpiga bastola mmoja wa sinema za Clint Eastwood. Watoto wa Nairobi wakaitia vinywani mwao, wakaitafuna, wakaitoa ikiwa neno jipya la kumkejeli mtu ajionaye hodari kupita kiasi. Kwa hiyo mtazamaji wa Nairobi alipoliona jina lile, aliona utoto wake umevaa koti.

Haikupita muda mrefu watu wakaanza kutunga wenyewe. Walibuni mizaha isiyohesabika juu ya uwezo wa Makmende, wakamtia katika majalada ya magazeti yasiyokuwako, wakamfanya mtu wa masimulizi kama walivyofanya mababu juu ya Abunuwasi. Ikiwa picha huua mawazo ya watazamaji, basi maelfu hao walitoa wapi mawazo yao? Picha ya Ha-He ilikuwa chachu. Iliacha nafasi ndani yake kwa makusudi, na watu wakaingia. Ni haki kutaja pia hasara yake. Kwa kipimo cha kubadilisha sauti kilichotajwa hapo juu, filamu hii husimama kwa mguu mmoja. Wengi wamkumbukao Makmende hawawezi kuuimba wimbo wake, na yamkini wimbo mwingine wenye mwendo uleule ungemchukua shujaa huyo bila manung'uniko. Filamu imeshinda, wimbo umekuwa farasi wake. Hukumu ya haki ni kwamba Ha-He ni kazi kubwa ya kubuni mtu, na ni kazi ya wastani ya kufasiri muziki.

Basi kazi hizi tano zinajibu shutuma kwa njia zisizofanana. Around the World na Star Guitar hufundisha sikio. Nothing Compares 2 U na Hurt huchukua na kulipa. Ha-He hufungua mlango na kuondoka. Mwenye kutaka kuihukumu filamu nyingine yoyote ya wimbo aweza kuitazama mara tatu. Mara ya kwanza azibe masikio, ajue kama picha zina mwendo wao wenyewe au zinaparamiana tu. Mara ya pili afumbe macho, ajue wimbo ulikuwa na nini kabla ya kuguswa. Mara ya tatu aache vyote viwili wazi, aulize ni kitu gani kilichozaliwa ambacho hakikuwamo katika picha peke yake wala katika sauti peke yake. Asipokiona kitu hicho, shutuma ya kale imekwisha kuihukumu, wala haina rufani. Akikiona, ataelewa kwa nini wahenga waliridhika na neno moja, ngoma, kwa kitu kipigwacho, kitazamwacho na kichezwacho.

Elimu ya uhakiki katika vyuo vyetu imezoea kuutafuta ushairi kitabuni, na imefanya vema, kwani humo mna hazina. Lakini vijana wanaokuja kusomeshwa vina na mizani wamekwisha kutazama mamia ya nyimbo kabla ya kusoma utenzi mmoja. Jicho lao limefunzwa na mtu, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mwuza bidhaa. Mwalimu atakayewaonyesha sheria iliyofichwa katika dirisha la treni ya Gondry, kisha akawaonyesha kina kinachofunga beti za utenzi, hatakuwa amewatoa katika fasihi. Atakuwa amewaingiza kwa mlango walioujua tangu zamani.